Mgeni wa Gotini

Wale mlioniacha wiki jana nimelala kifudifudi kwenye vigae vya bafu la watu, mwenye nyumba amesimama mlangoni na ndoo mkononi: asanteni kwa pole zenu. Nilitoka. Ndoo ilikuwa tupu. Mdomo wake haukuwa mtupu.

Kwa aliyeingia leo, nifupishe. Mimi ni fundi wa vigae. Yaani ni yule kijana aliyekimbia shule akacheze mpira, akaumia goti, akaishia kwenye kazi ya kupiga magoti kutwa nzima. Mungu naye ana utani wake.

Goti lenyewe ni la kulia. Lilipasuliwa miaka kumi iliyopita, na tangu siku hiyo halijafunga mdomo. Nikilikunja linalia kama mlango wa stoo. Nikipanda ngazi, majirani wanajua nani anakuja. Mvua ikiwa njiani, linanipa habari kabla ya redio. Kazini wananiita Utabiri. Bosi hamwagi zege bila kuniuliza.

"Utabiri, leo vipi?"

"Mwaga, bosi. Goti limetulia."

Basi hayo ni ya goti langu, mmeyazoea. Jipya ni goti la mdogo wangu.

Jioni ya siku ileile ya ndoo, mdogo wangu wa kike alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Alikuwa anageuka tu na mpira. Akashika goti la kushoto, akapiga ukelele. Nilikuwa pembeni ya uwanja, na ule ukelele niliujua. Si wa maumivu. Ni wa mtu aliyesikia kitu kinakatika ndani yake.

Nyumbani tunamwita Kiberiti. Mwembamba, mfupi, na ukimsugua vibaya anawaka. Ana miaka kumi na saba na anaujua mpira kuliko nilivyowahi kuujua mimi. Hilo limenitoka kwa koleo, kwa hiyo liaminini.

Picha zikapigwa. Kano ya ndani ya goti imekatika. Ileile iliyokatika kwangu. Wakasema ipasuliwe, iwekwe nyingine, la sivyo mpira basi. Ila ni mtoto bado, mzazi akubali kwanza.

Mzazi akasema hapana.

"Mmoja walimchukua mzima wakanirudishia mlango mbovu," alisema Mama. "Wa pili hawanipati."

Mlango mbovu ni mimi. Nilikuwepo hapohapo, nakunywa chai.

"Mama, mimi si Kaka," Kiberiti akasema.

"Kaka yako naye hakuwa Kaka kabla hawajamkata."

"Sasa nikae hivi? Goti linacheza kama jino la mtoto!"

"Jino la mtoto linang'oka, linaota lingine."

"Goti haliotiiii!"

Akalia. Kiberiti halii, huyu. Aliwahi kuumwa na mbwa akamuuma mbwa naye. Mama akaona machozi, akalegea kidogo, kisha akafanya jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo. Alininyooshea kidole.

"Huyu ndiye aliyepita huko. Aende kwa huyo daktari wake, alipime goti lake, halafu aniambie kwa mdomo wake. Akisema limepona, nakubali, nitakwenda kuweka sahihi. Akisema halijapona, wewe unabaki na goti lako kama Mungu alivyoliacha. Na kesi imekwisha."

Kiberiti akanigeukia. Wote wakanigeukia. Hata paka.

Mimi chai ikaingia njia isiyo yake.

Hapa lazima niwaeleze habari za Mgeni, maana bila Mgeni hamtaelewa kwa nini Mama anamchukia daktari, kwa nini Mama na kaka yake hawakai meza moja, na kwa nini mimi nina paja moja la mwanamume na lingine la kuku.

Waliponipasua, daktari alikata uzi wa kano nyuma ya paja langu mwenyewe akauhamishia gotini. Siku ya kutoka wodini alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Walikuwepo Mama na Mjomba, ambaye ndiye alikuwa kocha wangu. Daktari akawaambia kwa upole:

"Hii kano mpya, hapo gotini ni mgeni. Mtunzeni. Polepole atazoea, na mwisho atakuwa mwenyeji."

Akatoka zake, amefurahi na maneno yake mazuri. Hakujua amewasha moto.

Mama na Mjomba ni mtu na kaka yake, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya jina la mbwa. Mjomba akadaka palepale:

"Umesikia? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Mwezi wa tatu kijana yuko uwanjani."

Mama akamtazama toka kichwani hadi viatuni.

"Jembe mpe mgeni wako. Kwangu mgeni hatumwi."

Na nyumba ni ya Mama.

Basi Mgeni akakirimiwa. Mwaka mzima. Daktari alikuwa ameagiza mazoezi: nikunje, ninyooshe, nisimame mguu mmoja, nipande ngazi. Nikinyanyua mguu tu, Mama huyo mlangoni. "Weka chini! Utamchosha mgeni!" Mgeni aliwekewa mto. Mgeni alifunikwa blanketi. Watu wakija kuniona walianza na goti: "Mgeni hajambo?" Mimi mwenye goti nikasalimiwa wakati wa kuaga.

Mjomba akawa anakuja nyuma ya nyumba, anaongea dirishani kama mwizi. "Simama basi hata kidogo. Paja linakwisha hilo." Siku moja nikasimama. Nikaanguka na kabati. Mama akamkuta dirishani, na tangu siku hiyo Mjomba hajavuka kizingiti cha dada yake. Wakikutana msibani wanaongea kupitia kwangu. "Mwambie mjomba wako asogee." Mjomba yuko kiti cha pili.

Uwanjani sikurudi. Na kwa miaka kumi nimemwambia kila mwenye masikio kwamba yule daktari aliniharibu. Kinyozi anajua. Mafundi wenzangu wanajua. Wasichana watatu waliwahi kunihurumia kwa hadithi hiyo, mmoja akanihurumia karibu tuoane. Ni hadithi nzuri. Inaniacha mimi bila kosa.

Sasa naambiwa nimfuate huyo huyo mchinjaji anipime.

"Twende tu," Kiberiti alisema njiani, kwapa zake kwenye magongo. "Ukisema halijapona, sawa. Nitajifunza kuweka vigae. Tutapiga magoti pamoja kwenye vyoo vya watu, wewe na mimi, kama familia."

"Choo ni kazi kama kazi nyingine."

"Sijasema si kazi. Nimesema choo."

Tukamkuta daktari kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali. Nywele zimekuwa nyeupe, miwani imekuwa minene. Chumba kina baiskeli isiyokwenda popote, ngazi ya vidato vitatu isiyopanda popote, na mpira kwenye kona. Sakafuni vigae vya kukwaruza, visivyoteleza, vimepangwa mstari kama askari. Fundi aliyeviweka ni mtu. Hilo nililiona kabla sijamwamkia mwenye chumba.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Vua viatu, kunja suruali, lala. Kulia, si ndiyo?"

Akalikumbuka! Au aliliona lile kovu. Akalishika goti, akalikunja. Likalia. Kiberiti akafumba macho. Mimi nikamtazama daktari kwa ushindi: sikiliza kazi yako hiyo.

Daktari akavuta muundi wa mguu wangu. Akavuta tena kwa nguvu, kama anang'oa muhogo. Akahamia mguu mzima, akavuta nao. Akarudi kulia.

"Mh," akasema.

"Mh nini?"

"Nani alikuambia limeharibika?"

"Dokta, mimi ndiye ninaishi humo."

"Kano imeshika." Akaniachia mguu. "Nimeivuta mpaka bega linaniuma mimi. Haisogei. Tangu nimeiweka, iko palepale."

Nikacheka. Kisha nikaona hacheki.

"Na kelele?"

"Kelele ni nyingine. Siku ulipoumia, gegedu nayo ilichanika, ule mto laini unaokaa kati ya mifupa. Kipande nilikitoa, kilikuwa kimekufa. Nilikueleza."

"Hukunieleza."

"Basi nilimweleza mama yako."

"Mama alikuwa anasikiliza habari za mgeni."

"Na unafanya kazi gani?"

"Vigae."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unapiga magoti kutwa, juu ya goti lisilo na mto, na paja halina nguvu ya kulibeba. Goti limezeeka kabla yako, kijana. Hilo halirudi nyuma. Ukibadilisha kazi na ukajenga paja, tutalichelewesha. Ila kano ni nzima."

"Wote mliowapasua wako hivi?" Kiberiti akauliza. Kwapa kwenye magongo, macho kwa daktari. Hakuniangalia mimi kabisa.

"Sikudanganyi. Wengi kano imeshika. Wengi wao wana kelele kama za kaka yako, ndogo au kubwa, hasa waliochanika gegedu. Wako wanaocheza mpaka leo. Wako waliokatika tena palepale." Akaligonga goti langu la kushoto kwa kidole. "Na wako wanaokata la upande wa pili. Lile zima. Linabeba kazi ya wawili, halafu siku moja linachoka."

Mimi hilo la mwisho sikulisikia. Nilikuwa bado kwenye lile la kwanza.

"Dokta. Kama kano ni nzima. Ina maana ningeweza kucheza?"

"Baada ya mwaka hivi, na mazoezi? Ndiyo. Kwani hukucheza?"

Ile baiskeli isiyokwenda popote ikawa inanitazama.

"Mama alikataa," nikasema.

"Mwaka wa kwanza," Kiberiti akasema.

"Ndiyo, mwaka wa kwanza."

"Na ile tisa mingine, Kaka?"

Mdomo wangu hauna breki, mnajua. Siku hiyo ukapata. Nilitaka kusema kazi. Nilitaka kusema Mjomba. Nikakumbuka mara zote nilizosimama pembeni ya uwanja mpira ukaja miguuni mwangu, na vijana wakapiga kelele "Rudisha, bro!", na mimi nikainama nikauokota kwa mikono.

"Kila mpira ukija," nikasema, "goti linaniambia usithubutu."

"Goti halisemi," daktari akasema. "Hicho ni kichwa. Wengi ninaowaona hawarudi kwa sababu hiyo, na magoti yao hayana neno. Lakini nielewe. Mwaka mzima hukufanya mazoezi kwa nini?"

Nikamweleza. Mto, blanketi, jembe, dirisha, kabati. Mwanzo alikuwa anatikisa kichwa. Nilipofika kwenye "Mgeni hajambo?" alikaa chini kwenye ile ngazi, akacheka mpaka miwani ikaanguka mapajani.

"Nilisema mgeni? Mimi?"

"Wewe, dokta."

"Na mkamkirimu!"

"Hakuosha hata kikombe."

Akajifuta macho. Kisha uso ukabadilika. "Pole sana," akasema. Na nadhani ilimtoka moyoni, maana hakuongeza neno.

"Na mimi utaniambia ni nani?" Kiberiti akauliza. "Wa kwangu?"

"Siku hizi nasema mpangaji. Kila siku alipe kodi kwa mazoezi. Asipolipa, hana chumba."

Kiberiti akacheka. Mara ya kwanza tangu aanguke.

"Simama," daktari akaniambia. "Mguu wa kulia peke yake. Ruka mbele."

"Utalia."

"Ulie. Ruka."

Nikaruka. Likalia, kweeeh, lakini nikatua. Nimesimama. Nikaruka tena. Nikatua. Jamani, nilikuwa narukaruka chumbani kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, peku, jasho linanitoka hadi nyayoni, na Kiberiti anagonga gongo sakafuni kunipigia ngoma. Miaka kumi nimetembea juu ya goti zima nikiliombea huruma!

"Inatosha," daktari akasema. "Nimesema inatosha. Paja hilo si—"

Simu ya Kiberiti ikaita.

"Ni Mama," akasema. Akaweka sauti kubwa.

"Mmefika kwake?" sauti ya Mama ikajaa chumba.

"Tumefika, Mama."

"Na mimi niko hapa," ikasema sauti ya pili, nzito.

Tukatazamana, mimi na Kiberiti. Mjomba! Ndani! Kwa Mama!

"Amekuja mwenyewe," Mama akasema haraka. "Nimemwacha akae kwa sababu ya mtoto. Hajapewa hata maji."

"Sijaomba," Mjomba akasema.

"Mpe kaka yako simu. Nataka neno moja. Limepona au halijapona?"

Kiberiti akaninyooshea simu. Neno moja tu: limepona. Ningelisema tu, mngekuwa mnasoma ukurasa wa michezo saa hizi.

Lakini mimi ni nani nisionyeshe mbwembwe?

"Mama," nikasema, "usinisikilize mimi. Msikilize Mgeni."

Nikaufuata ule mpira wa kwenye kona. Nikausogeza kwa unyayo. Nikarudi nyuma hatua mbili, kama zamani, kifua mbele.

"Wewe! Usi—" daktari akaanza.

Nikakimbia. Mguu wa kushoto nikausimika kando ya mpira, wa kulia nikauvuta nyuma, nikapiga. Na niwaambie, ulipigika! Ukutani ulilia paaa! Kwa goti langu la kulia, goti la miaka kumi, goti la mlango mbovu.

Tatizo ni vile vigae. Niliwaambia vilikuwa kazi safi. Vigae visivyoteleza, ndugu zangu, havitelezi. Mwili wangu ukageuka kuufuata mpira. Unyayo wa kushoto, wenye jasho, ukabaki ulipokuwa.

Tak.

Sauti ndogo. Kama kijiti kikavu mfukoni.

Sikupiga ukelele. Nilikosa pumzi ya kuupiga. Nilijikuta nimesimama mguu mmoja katikati ya chumba, ule wa kulia, nimening'iniza wa kushoto kama nguo kwenye kamba. Mpira ulirudi taratibu ukanigusa kidole.

Daktari alikuwa ameshapiga magoti mbele yangu, mikono miwili kwenye goti la kushoto. Akavuta kidogo tu. Likamfuata lote.

Akainua macho. Hakusema mh.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Yule wa kuhamishwa, wa kufunikwa blanketi, ambaye nimemtukana kwa vinyozi miaka kumi, ndiye alikuwa amenibeba. Mgeni amesimama. Mwenyeji ndiye aliyeanguka. Niambieni, nyie wenye akili, hilo unamweleza vipi mama yangu kwa simu?

"Halo?" Mama akasema. "Nini hicho? Nimesikia mlio. Mbona kimya?"

Kiberiti ameshika simu kwa mikono miwili. Midomo yake inasema bila sauti: Kaka, tafadhali.

"Wewe mtoto, nakuuliza. Hilo ni goti?"

Kudanganya, siwezi. Jasho lote lile, sauti ingenisaliti.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ni goti."

Upande wa pili kiti kikaburuzwa. Kisha Mama na Mjomba, ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya jina la mbwa, wakauliza kwa pamoja, kwa sauti moja:

"Lipi?"